Viungo vya asili, viungo vya kiwandani na figo za mama

Swali la msomaji: «Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 61 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Vipimo vya hivi karibuni vimeonyesha kwamba figo zake zimeanza kudhoofika na kwamba kuna protini kwenye mkojo. Dada yangu ameondoa jikoni viungo vyote vya kiwandani, ameleta chumvi ya asili isiyosafishwa, na kila asubuhi humpa mama kinywaji cha manjano, mdalasini, kitunguu saumu na pilipili manga, pamoja na vidonge vya manjano, akisema vinasafisha figo na ini. Mimi nina wasiwasi. Ni viungo gani vinavyoharibu ogani za mwili, na je, ni kweli kwamba vya asili havina madhara?»

Marahaba, na pole kwa kumuuguza mama. Nikijibu kwa ufupi, dada yako amefanya jambo moja la maana na mawili yanayohitaji kusimamishwa mapema. La maana ni kupunguza vikolezo vyenye chumvi nyingi. Yanayohitaji kusimamishwa ni vidonge vya manjano pamoja na kinywaji kile cha asubuhi kwa mtu mwenye figo dhaifu anayetumia dawa kila siku, na ile chumvi ya asili, ambayo kwa figo za mama haina nafuu yoyote na huenda ikamkosesha madini joto.

Wengi wetu tumezoea kugawa viungo katika makundi mawili: vya asili, vinavyodhaniwa kuwa dawa, na vya kiwandani, vinavyodhaniwa kuwa sumu. Mgawanyo huo haumsaidii mgonjwa, kwa sababu ogani hudhurika kutokana na kemikali iliyomo katika kiungo, kiasi kinachoingia mwilini na muda ambao kimetumika, bila kujali kama kilikaushwa juani au kilifungashwa na mashine. Kwa hiyo nitajibu kwa kufuata kemikali zenyewe, na nitakaa zaidi kwenye ile inayozigusa figo za mama yako moja kwa moja.

Kemikali hiyo ni sodiamu. Takriban asilimia 40 ya uzito wa chumvi ya kawaida ni sodiamu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima atumie chini ya miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, kiasi ambacho hakifiki hata kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hesabu hiyo hujumuisha chumvi yote: inayotiwa chunguni, inayonyunyizwa mezani, iliyomo ndani ya mkate na iliyofichika ndani ya vikolezo. Wastani wa dunia nzima ni karibu gramu 11 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho, na WHO linakadiria kwamba vifo vipatavyo milioni 1.89 kila mwaka vinahusishwa na ulaji wa sodiamu kupita kiasi. Hakuna kiungo kingine chochote cha chakula, cha asili au cha kiwandani, chenye ushahidi mzito kiasi hicho dhidi yake.

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za umajimaji kwa siku na kurudisha karibu zote kwenye damu. Mkojo ni lita moja au mbili zinazobaki. Ni katika kazi hiyo ndipo sodiamu ya ziada hutolewa. Ikiwa inayoingia ni nyingi kuliko inayotoka, mwili hubakiza maji ili damu isikolee kupita kiwango chake, na kila gramu 9 za chumvi zinazobaki mwilini hubaki pamoja na karibu lita 1 ya maji. Damu huongezeka ujazo, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na shinikizo hupanda. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na vichujio hivyo hupokea shinikizo hilo usiku na mchana mpaka kuta zake zianze kuvujisha protini, na baadaye kugeuka makovu. Kichujio kilichokufa hakioti kingine mahali pake, hivyo vilivyobaki hubeba mzigo wa vilivyokufa na kuchakaa mapema. Ile protini iliyoonekana kwenye mkojo wa mama ni dalili ya hatua hiyo ya kuvuja, na bado ni hatua ambayo mengi yanaweza kufanyika. Shinikizo hilo hilo hunenepesha misuli ya moyo, huharibu mishipa midogo ya macho na hupasua au kuziba mishipa ya ubongo, ndiyo maana kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na ugonjwa wa figo mara nyingi humpata mtu mmoja.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi kliniki kwa sababu ya foleni: chumvi nyingi hudhoofisha kazi ya dawa zile zile zinazotolewa kupunguza shinikizo na kuzuia protini isivuje. Mgonjwa anayemeza vidonge vyake kwa uaminifu huku akila gramu 12 za chumvi kwa siku hupata sehemu tu ya faida ya dawa, na matokeo yake huongezewa dozi au dawa nyingine, wakati tatizo liko kwenye sahani.

Sasa tuviangalie vikolezo vya kiwandani vilivyoondolewa jikoni. Vile vipande vidogo vya kukolezea mchuzi, pamoja na unga wa aina hiyo hiyo, kwa kawaida huwa na chumvi inayokaribia nusu ya uzito wake na mara nyingine kuzidi. Kinachobaki ni wanga, mafuta yaliyogandishwa, sukari, vikoleza ladha, rangi na chembe kidogo za viungo halisi au nyama. Chukulia kipande cha gramu 10 ambacho nusu yake ni chumvi. Kinabeba gramu 5, yaani kiwango chote cha siku cha mtu mmoja. Kikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja hupata gramu 1, na hilo lingevumilika kama mpishi angekitumia badala ya chumvi. Kinachotokea majumbani ni kwamba chumvi hutiwa kwanza, kisha hufuata kipande kimoja au viwili, halafu mezani kuna chupa ya mchuzi wa soya, ambao kijiko kimoja cha chakula pekee kina takriban miligramu 900 za sodiamu, sawa na zaidi ya gramu 2 za chumvi. Kila kimoja kikitazamwa peke yake huonekana kidogo, na ndiyo maana hakuna anayejua jumla yake.

Ili kujua jumla hiyo, soma lebo. Ikiwa lebo inataja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Angalia pia kama takwimu hiyo ni ya gramu 100 au ya kiasi cha kupakua, kwa kuwa watengenezaji wengine hutumia kiasi kidogo sana cha kupakua ili namba ionekane ya kupendeza. Mpangilio wa vitu vilivyomo nao husema ukweli: chenye uzito mkubwa hutajwa kwanza, na katika vikolezo vingi kinachotajwa kwanza ni chumvi. Tahadhari hiyo inaihusu pia pakiti iliyoandikwa «mchanganyiko wa viungo asilia», kwa sababu mingi ya michanganyiko hiyo huongezwa chumvi ili kuongeza uzito, na mnunuzi anayedhani anakwepa chumvi huwa anainunua kwa bei ya viungo.

Kwa mtu mwenye figo dhaifu naongeza neno moja la kutafuta kwenye lebo, nalo ni «fosfeti» au «fosfati». Fosfeti inayoongezwa kiwandani hufyonzwa na utumbo karibu yote, tofauti na ile iliyomo kiasili katika maharage au nafaka, ambayo sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Figo zikishindwa kuitoa, hupanda katika damu, hudhoofisha mifupa na huchangia kukakamaa kwa mishipa. Wenye ugonjwa wa jongo nao huwa na sababu ya kuangalia inosineti na guanileti za sodiamu, vikoleza ladha vinavyovunjwa mwilini na kuwa asidi ya yuriki, ingawa kwa mtu mwingine yeyote kiasi kinachotumika hakina uzito.

Kuhusu chumvi ya asili, iwe ya bahari, ya mwambani, ya rangi ya waridi au ya kijivu, jibu ni fupi kuliko matangazo yake. Sehemu kubwa sana ya uzito wake ni kloridi ya sodiamu ile ile. Madini mengine yaliyomo ni ya kiasi kidogo mno. Ili yakufae ungelazimika kula chumvi ya kukuua. Chembe zake kubwa hukaa kwa nafasi kijikoni, na kwa hiyo kijiko kimoja chake huweza kuwa na uzito mdogo kuliko cha chumvi laini, lakini gramu kwa gramu figo haitofautishi. Hasara yake iko kwenye tezi ya shingoni, yaani tezi dundumio. Tezi hiyo hutengeneza homoni zake kwa kutumia iodini, ile tunayoiita madini joto, na mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Sehemu nyingi za dunia udongo na vyakula havitoshelezi kiasi hicho, na uwekaji wa madini joto katika chumvi ndio uliopunguza rovu na, lililo kubwa zaidi, ndio uliowakinga watoto wasizaliwe na ubongo uliodumaa. Familia inayohamia chumvi isiyo na madini joto inayoitwa «safi» huacha kinga hiyo bila kujua, na kama kuna binti au mkwe wa umri wa kuzaa katika nyumba hiyo, yeye ndiye mwenye cha kupoteza zaidi. Shauri la kitaalamu ni kutumia chumvi kidogo, na hiyo kidogo iwe yenye madini joto.

Utakutana pia na chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa na potasiamu. Kwa watu wengi ni badiliko zuri kweli kweli. Nchini China, katika jaribio lililohusisha vijiji 600 na watu karibu 21,000 na kuchapishwa mwaka 2021, waliopewa chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14 kuliko walioendelea na chumvi ya kawaida. Lakini kwa mama yako nasema hapana, mpaka daktari wake aridhie baada ya kupima damu. Figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, na baadhi ya dawa za shinikizo, hasa zile zinazotumika kulinda figo, nazo huibakiza. Potasiamu ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuusimamisha. Hiki ni kikolezo ambacho kinaweza kuokoa moyo wa jirani na kuudhuru wa mama.

Nadhani dada yako alikuwa na hofu zaidi na MSG, yaani monosodiamu glutameti, inayoandikwa pia E621. Kemikali hii ilibainishwa mwaka 1908 na Mjapani Kikunae Ikeda, aliyeitoa katika mwani unaotumika kwa supu. Glutameti yenyewe si kitu kigeni kwa mwili: imo katika nyanya zilizoiva, jibini, uyoga na maziwa ya mama, na protini tunazokula kila siku hutupatia glutameti nyingi kuliko ile inayoongezwa kwenye chakula. Hofu ilianza mwaka 1968 kwa barua moja iliyochapishwa katika jarida la kitabibu la Marekani, ambamo daktari alieleza ganzi na mapigo ya moyo aliyokuwa akiyasikia baada ya kula katika migahawa ya Kichina, akitaja sababu kadhaa zinazowezekana, MSG ikiwa mojawapo. Mwaka uliofuata mtafiti John Olney alionyesha kwamba vichanga vya panya vilivyodungwa dozi kubwa ya kemikali hiyo chini ya ngozi hupata majeraha katika ubongo. Matokeo hayo yalikuwa ya kweli, ila panya wachanga waliodungwa sindano hawafanani na mtu anayekula mchuzi. Glutameti ya chakula hutumiwa karibu yote na chembe za ukuta wa utumbo kama nishati yao, na kidogo kinachofika kwenye damu huzuiwa na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo.

Kamati ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na WHO iliyoitathmini mwaka 1987 haikuona haja ya kuiwekea kikomo cha namba, ilhali Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2017 iliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, ambacho kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 1.8. Tathmini iliyofanywa Marekani mwaka 1995 ilikubali kwamba watu wachache huweza kupata maumivu ya kichwa, joto la uso au ganzi ya muda mfupi wakimeza gramu 3 au zaidi bila chakula. Anayeona dalili hizo aiache. Hakuna hasara katika kuiacha. Ila MSG ina takriban asilimia 12 ya sodiamu, chini ya theluthi ya ile iliyomo kwenye chumvi, kwa hiyo mpishi anayeitumia kidogo na kupunguza chumvi kwa kiasi kikubwa hupata chakula chenye sodiamu ndogo zaidi. Binafsi naona kelele za nusu karne dhidi ya MSG zimefanya madhara ya aina yake, kwani watu husoma «haina MSG» kwenye pakiti na kuridhika, bila kushuka mistari miwili chini ambako chumvi imeandikwa.

Viungo vya mimea, kwa kiasi kinachotiwa katika chakula, ni marafiki wa figo kwa sababu rahisi: tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, bizari nyembamba, iliki, ndimu na pilipili hukipa chakula ladha bila kuongeza sodiamu inayoweza kuhesabika. Mama akipunguziwa chumvi ghafla bila kupewa kitu cha kuchukua nafasi yake, atakiona chakula hakina ladha na atairudia kwa siri. Ulimi huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Zaidi ya hapo kuna faida chache zilizothibitishwa kwa kiasi, kama tangawizi katika kupunguza kichefuchefu, hata cha ujauzito. Habari ya «kusafisha» figo na ini sijawahi kuiona ikithibitishwa kwa kiungo chochote. Figo na ini ndizo zinazosafisha, na kila dozi kubwa ya kitu chochote, kikiwamo cha asili, ni kazi ya ziada kwao.

Pilipili kali inastahili kutetewa kidogo. Kwa miaka mingi wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliambiwa kwamba pilipili ndiyo iliyovisababisha, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha, katika kazi yao ya miaka ya 1980 iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za kutuliza maumivu zinazotumiwa kiholela, ambazo nazo huua figo, na ningependa uhakikishe mama hazitumii kwa maumivu ya magoti. Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, huamsha kipokezi kile kile cha neva kinachotambua joto la moto, hivyo huchoma bila kuunguza. Mwenye kiungulia au kidonda ambacho tayari kipo atasikia maumivu zaidi na ni haki yake kuiepuka, lakini si pilipili iliyomuumbia kidonda. Kwa ukuta wa tumbo chakula kilichokolea chumvi kina sifa mbaya zaidi, kwani ulaji wake wa muda mrefu unahusishwa na saratani ya tumbo.

Mambo hubadilika viungo vinapotoka chunguni na kuingia kwenye vidonge, mafuta yaliyokamuliwa na vinywaji vizito vya kila siku. Unga wa manjano una kurkumini, kemikali yake kuu, ya takriban asilimia 3 tu, na hiyo hufyonzwa kwa shida. Ndiyo maana karne nyingi za mapishi hazikuleta wagonjwa wa ini. Vidonge vingi hutengenezwa kwa kurkumini iliyokamuliwa hadi asilimia 95, kisha huongezwa piperini ya pilipili manga kwa kuwa jaribio la mwaka 1998 lilionyesha kwamba huongeza kiasi kinachofika kwenye damu kwa asilimia 2,000. Watengenezaji huitangaza takwimu hiyo kama sifa. Mimi huiona kama maelezo ya kwa nini, katika miaka ya karibuni, madaktari wa Italia, Marekani, Australia na kwingineko wameripoti wagonjwa waliopata homa kali ya ini wakitumia vidonge hivyo, wengi wao wakipona baada ya kuviacha, na baadhi wakifikia hatua ya ini kushindwa kabisa. Manjano pia yana oksaleti, kitu kinachojenga mawe ya figo, na kuna wagonjwa walioumia figo kwa kutumia dozi kubwa kwa muda mrefu. Unga kidogo wa manjano katika mchuzi haumo katika onyo hili.

Mdalasini una habari yake. Ule wa kawaida katika maduka mengi, uitwao kasia, una kumarini, kemikali inayoweza kuumiza ini la watu wenye wepesi wa kudhurika nayo. Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 hufikia kikomo hicho kwa takriban gramu 2 za unga wa kasia, ambazo ni chini ya kijiko cha chai. Kunyunyiza mara moja moja hakuna neno, ila kijiko kizima kila asubuhi kwa miezi ni jambo jingine. Mdalasini wa Ceylon (Sri Lanka), wenye maganda membamba yaliyokunjwa tabaka nyingi, hauna kumarini ya kutia hofu.

Kitunguu saumu kilichopikwa hakina shida. Vidonge vyake, pamoja na dozi kubwa za kibichi, huongeza uwezekano wa kutokwa na damu kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, na madaktari wengi hutaka viachwe wiki moja kabla ya upasuaji. Vimeonekana pia kushusha kiwango cha saquinavir, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Piperini nayo huzuia vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyovunja dawa, hivyo dawa kama propranolol (ya shinikizo la damu) na phenytoin (ya kifafa) huweza kupanda katika damu kuliko daktari alivyokusudia. Mafuta ya karafuu yasikae mahali ambapo mtoto anaweza kuyafikia, kwa kuwa kiasi kidogo tu kilichonywewa kimewahi kuangamiza maini ya watoto, na kungumanga, inayotiwa kwenye maandazi kwa kukwaruza kidogo, ikiliwa kwa gramu kadhaa huvuruga akili na kuukimbiza moyo.

Hatari nyingine ya viungo vya asili haimo katika mmea wenyewe. Unga wa manjano wenye rangi iliyofifia umewahi kutiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya sumu ya risasi, ili ung'ae. Nchini Bangladesh tatizo hilo lilikuwa kubwa hadi serikali ilipochukua hatua kuanzia mwaka 2019. Mwaka 2023 mamia ya watoto nchini Marekani walikutwa na risasi katika damu baada ya kula rojo la tofaa lililotiwa mdalasini uliochanganywa na madini hayo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, hupandisha shinikizo la damu na hudhuru figo, na kuchemsha hakuiondoi. Pilipili ya unga nayo imewahi kutiwa rangi za viwandani ziitwazo Sudan, na mwaka 2005 Uingereza ililazimika kuondoa sokoni zaidi ya bidhaa 400 kwa sababu hiyo. Halafu kuna sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu kwenye pilipili, kungumanga na viungo vingine vilivyokaushwa vibaya, ambayo ni chanzo kilichothibitishwa cha saratani ya ini, na hatari yake huzidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa sababu hizo napendelea viungo vizima, vikavu, visivyo na harufu ya uvundo, vinavyosagwa nyumbani kidogo kidogo na kuhifadhiwa kwenye chombo kikavu kinachofungika. Unga unaong'aa kupita kawaida na kuuzwa rahisi kuliko mzizi wake ni wa kuuacha pale pale.

Kwa hiyo, kwa mama, simamisha vidonge vya manjano leo, na kinywaji cha asubuhi pia. Tangawizi kidogo kwenye chai inaweza kubaki. Rudisheni chumvi yenye madini joto, mpime gramu 5 kwa kila mlaji kwa siku na kutoa humo kinacholiwa katika mkate na vyakula vingine vya kununua, kisha mpishi atumie kilichobaki tu, na chumvi isiwekwe mezani. Siku mtakapotaka kutumia kipande cha kukolezea mchuzi, chumvi ya chungu hicho isitiwe kabisa. Asiache dawa zake wala kupunguza dozi kwa sababu ya mabadiliko haya. Shinikizo likishuka, daktari ndiye atakayepunguza.

Mwende kliniki mkiwa na pakiti za vidonge alivyokuwa akimeza, mkitaja dozi na muda aliovitumia, na muombe apimwe kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), potasiamu, vimeng'enya vya ini na protini ya mkojo, ili kuwe na namba za kulinganisha baada ya miezi mitatu. Mwambie dada bila kumlaumu, kwani nia yake ilikuwa njema na atahitajika kupika. Ikiwa kabla ya hapo mama atapata macho ya njano, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, mwili kuwasha, uchovu mkubwa au kuvimba miguu ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.